Mlango wa Teleza Uliokwama

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Teleza, kwa kuwa milango yake ilifunguka kwa kidole kimoja. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Basi afande wa gereza alipomwagiza "mlango wa sakafuni", alidhani ni wa stoo.

"Bawaba zikae wapi, afande?"

"Chini. Ufunguke kwa mpigo mmoja, na aliyesimama juu asipate pa kushika."

Teleza akaacha kupima: kumbe ni mlango wa kunyongea watu. Lakini akikataa, kazi ingekwenda kwa seremala wa mtaa wa pili, mtu asiye na maswali.

Jioni akawasimulia wa nyumbani. Shemeji yake, mwinjilisti asiyekosa aya, akamtuliza. "Serikali imekabidhiwa upanga na Mungu, shemeji. Wewe chonga tu."

"Hata msalaba ulichongwa na mtu aliyeambiwa achonge tu," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Na aliyetundikwa alikuwa seremala mwenzake. Hilo mbona huhubiri, kaka?"

Mwinjilisti akakumbuka kwamba ana kikao.

Asubuhi Teleza akaingia kwa jirani yake fundi saa, Myahudi mwenye vitabu vingi kuliko saa.

"Nyinyi ndio wa jicho kwa jicho. Nishauri."

Fundi hakuinua kichwa. "Adhabu ya kifo imo kwenye Torati, hatukuifuta. Marabi wa kale walidai tu mashahidi wawili, tena wawe wamemwonya mtu kabla hajaua, naye awe amewajibu kwamba amesikia na anaua hivyohivyo."

"Muuaji gani huyo?"

"Hapo sasa! Rabi mmoja alisema baraza likinyonga hata mtu mmoja katika miaka sabini, ni la wauaji. Mwingine akalalamika kwamba kwa upole huo wauaji watazaana. Bado tunabishana. Mlango tuliuacha ukutani, jirani, ila umekwama."

Teleza akacheka hadi fundi akadondosha skrubu. Akaenda kuchagua mbao mbichi kuliko zote.

Siku ya majaribio waliweka gunia la mchanga juu ya mlango, wakavuta mtaimbo wa kuufungulia. Mlango ukanung'unika, ukabaki palepale.

"Wewe si ndiye Teleza?" afande akafoka.

"Mbao zina maudhi yake, afande. Nitaupiga randa."

Anaupiga mpaka leo. Akipunguza upande huu, ule unavimba. Aliyewahi kupandishwa pale ni gunia peke yake, nalo lilisalimika.

Nyumbani mkewe humwita Kwama. Anaitika haraka.