Wimbo kwa Mwendo wa Kukhu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivuka mpaka wa Busia nikitembea nyuma ya baiskeli iliyobeba kinanda cha kanisa. Usicheke. Enzi hizo boda boda zilikuwa baiskeli, na kila kitu kilipita juu ya keria: wagonjwa, mabibi harusi, hata majeneza. Kinanda nadhani kilikuwa cha kwanza, kwa sababu watu walisimama njiani kukitazama. Nitakwambia kilikuwa kinakwenda wapi, ila niache nianzie nyuma kidogo, kwa kuwa mimi nikiharakishwa nasahau.

Nilikulia Tororo, katika nyumba za reli, chini ya ule mwamba ambao kila mgeni hutaka kuupanda na kila mwenyeji huuangalia tu. Baba alifanya kazi stesheni. Mhandisi mmoja wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia baba gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri chache. Nyingi zilikuwa zimepasuka. Mbili zilikuwa nzima, na zote mbili zilikuwa za mtu mmoja akipiga piano peke yake, ile jazi yao ya Ulaya, hakuna kuimba. Jina kwenye karatasi ya katikati lilikuwa limefutika nusu, kwa hiyo sisi tulimjua kwa vidole vyake tu.

Nyanya yangu, mama yake baba, aliishi nasi. Tulimwita Kukhu, kama sisi Wasamia tunavyowaita nyanya zetu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hivyo masikio yalifanya kazi mara mbili. Rafiki za baba walipokuja kusikiliza santuri walikata shauri kwamba mpigaji ni mwanamume, tena mwenye mkono wa kushoto wa kupasulia kuni. Kukhu akasema hapana, huyo ni msichana, kwa sababu anapiga kama mtu anayejua kuna mtoto amelala chumba cha pili. Wakacheka kwa adabu, jinsi watu wanavyowacheka wazee. Mimi nilikuwa upande wa Kukhu, si kwa kuwa nilijua lolote, bali kwa kuwa yeye ndiye aliyenifichia viazi vitamu.

Kila Jumamosi nilikwenda kufagia kanisa, na mwalimu wa kwaya, Mzee Oketcho, aliniruhusu kugusa kinanda nikishamaliza. Nilikwenda na wimbo mmoja kichwani, ule wa upande wa kwanza wa santuri, nikautafuta kwa vidole mpaka nikaupata. Ulikuwa wimbo wa polepole, mzito, wa kumkumbusha mtu aliowapoteza. Baba alipomleta Kukhu kanisani kuusikia, alivishika vidole vyangu kimoja kimoja akavibusu. Haba na haba hujaza kibaba. Nilipomaliza shule nilikuwa napiga ibada nzima, msichana wa kwanza kukalia kiti kile, na waliofiwa walikuwa wakiniomba ule wimbo wa Kukhu makaburini. Niliwaliza watu wengi wa Tororo kwa wimbo ule.

Kisha nikaenda chuo cha ualimu Kisumu, na kwa majivuno ya ujana nikaibeba ile santuri niwaonyeshe wenzangu. Mwalimu wetu wa muziki, mama mmoja wa Kizungu, alikuwa na mashine ya umeme ya kupigia santuri. Nikalitangazia darasa zima kwamba huu ndio wimbo tunaozikia watu kwetu. Mwalimu akaweka sindano.

Mwanangu, ule wimbo ulitoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Ulikuwa wimbo wa dansi. Springi ya gramafoni yetu ilikuwa imechoka miaka yote ile, ikiizungusha santuri kwa kujikokota, nasi tukadhani uchovu wa springi ni huzuni ya mpigaji. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza kama kwetu kwenye arusi tunalia.

Mwalimu hakucheka. Alilitambua jina kwa herufi zilizobaki, akaniambia kwamba mpigaji ni mwanamke kweli, mmoja wa wanawake wa kwanza huko Ulaya kupiga jazi kwa piano wakati wanaume wakiona hiyo si kazi ya kike. Akasema santuri zile ni za mwanzo kabisa, alizirekodi akiwa msichana tu anayeanza, na ukisikiliza vizuri utasikia mahali vidole vilipojikwaa naye akaendelea. Ningelishika hilo la mwisho ningejiepusha na mengi. Mimi nilishika kile kicheko.

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli, ya kukunyima usingizi. Niliwaona wale wafiwa wote wa Tororo wamesimama mbele ya makaburi, nami nawapigia dansi iliyochoka. Nikaapa sitaupiga tena wimbo ule mpaka niupige kwa mwendo wake halisi. Nilijaribu kwenye piano ya chuo, lakini vidole vilivyofundishwa kutembea vilikataa kukimbia. Mwishowe nikaacha kupiga hata tenzi za kanisani, nikisingizia masomo.

Nilipokuja nyumbani likizo, baba alikuwa ameacha kazi ya reli nasi tulikuwa tumehamia kwetu Busia, upande wa Uganda. Kukhu alikuwa ng'ambo, upande wa Kenya, kwa shangazi yangu, kwa sababu pale zahanati ilikuwa karibu. Nilimkuta amekonda sana. Alikuwa anatutoka, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo, yeye kuliko wote. Aliposikia sauti yangu mlangoni, jambo la kwanza aliloomba ni ule wimbo. Gramafoni ilishavunjika zamani, kwa hiyo vilivyobaki vilikuwa vidole vyangu.

Badala ya kusema ndiyo, nikaanza maelezo. Nikasema wimbo ule sijaujua vizuri, kuna namna yake sahihi, naendelea kujifunza, na kinanda chenyewe kiko kanisani upande wa pili. Nikamwomba anipe mpaka Krismasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana Kukhu hakuwa mtu wa kukata maneno ya wengine.

"Nabwire," akasema, "nani amekuambia nitakuwepo Krismasi?"

Nikaanza kumtengenezea blanketi.

"Mimi sikukuomba uujue. Nilikuomba unipigie."

Akageukia ukutani. Maisha yangu yote Kukhu hakuwahi kunipa mgongo. Shangazi akanishika mkono akanitoa nje, akaniambia bila kupaka mafuta kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba mgonjwa akiomba maji humwambii subiri nichimbe kisima. Nililia nyuma ya jiko lake mpaka kuku wakanizoea.

Kesho yake mapema nikamwendea mchungaji. Kanisa letu la Busia lilikuwa na kinanda cha kukunja, kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho ukikifunga kinakuwa kama sanduku. Akaniazima bila maswali. Were, mwenye baiskeli, akakifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, tukashika njia ya mpakani. Nimekwambia watu walisimama kutazama. Sasa ongeza kwamba ulikuwa wakati wa magendo ya kahawa, na watu wa forodha walikuwa wakipekua hata nepi za watoto. Sanduku kubwa juu ya baiskeli halingepita hivi hivi.

Askari mmoja kijana akatusimamisha. "Mama, hii sanduku iko na nini?"

Nikamwambia ni kinanda cha kanisa.

"Kinanda nakwenda Kenya kufanya nini? Kama ni kinanda kweli, piga tusikie."

Were akakishusha, akakifungua pale pale kwenye vumbi. Nikakalia gunia la mahindi la mtu nisiyemjua. Tangu kile kicheko cha Kisumu sikuwa nimepiga mbele ya mtu. Nilitaka kupiga utenzi wowote nimalize, lakini vidole vikaenda vyenyewe kwenye wimbo wa Kukhu, polepole, jinsi springi mbovu ilivyotufundisha. Kelele za foleni zikapungua. Mama mmoja akatua kikapu chake cha ndizi. Yule askari akavua kofia.

"Pole, mama," akasema. "Nani amekufa?"

"Bado," nikamjibu. "Ananingoja."

Akatazama kinanda, akanitazama mimi, kisha akamwambia Were akimbize hiyo baiskeli.

Tulikiweka kinanda karibu na kitanda. Kukhu alisikia miguu ya kinanda ikiburutwa sakafuni akageuka kutoka ukutani, nami nikashukuru kwa hilo tu. Kabla ya kupiga nikamwambia ukweli wote, maana sikutaka kumwacha na jambo la uongo: kwamba mpigaji alikuwa msichana kama alivyosema, tena ndiyo kwanza alikuwa anaanza, ila wimbo ni wa dansi, na mashine yetu ndiyo iliyotudanganya. Nilisema kama mtu anayekiri kuvunja chungu cha mwenzake.

Kukhu akanyosha mkono akakigusa kinanda.

"Yeye alikuwa msichana," akasema. "Mimi ni mzee. Nipigie kwa mwendo wangu."

Nikapiga. Nilikosea hapa na pale, sikusimama. Kukhu alikuwa amefumba macho yale yasiyoona, midomo yake ikifuata wimbo kwa maneno yake mwenyewe ya Kisamia ambayo sikuwahi kujua kwamba alikuwa ameyaweka ndani yake. Yalikuwa maneno ya kumbembeleza mtoto, na jina la mtoto lilikuwa la baba yangu. Machozi yalinitoka nikayaacha yadondoke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Nilipomaliza akasema sasa nimpigie ule wa msichana. Nikamwambia huo siujui. Akaniuliza kama yule msichana naye alizaliwa akiujua. Basi nikaupiga mbio, nikijikwaa kila hatua, mkono wa kushoto ukifika baada ya wa kulia, na Kukhu akacheka mpaka akakohoa. Chini ya blanketi niliona vidole vya miguu yake vikicheza. Shangazi naye, aliyekuwa amekuja kunikaripia kwa kumchosha mgonjwa, akacheza na ufagio wake mkononi.

Hakufika Krismasi. Siku ya kumzika watu waliniomba ule wimbo, nikakataa, na safari hii haikuwa kwa kuona haya. Nilikuwa nimeshampigia akiwa anasikia. Nilisimama na wanawake wengine nikaimba nao tu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku hizi mnajirekodi kwenye simu, na mkisikia kosa moja mnafuta, mkingoja siku mtakapokuwa kamili. Yule mpiga piano wa Ulaya aliziacha santuri zake za mwanzo ziende na kujikwaa kwake kote. Zikavuka bahari zikamfikia bibi asiyeona wa Tororo, wala yule mpigaji hakuwahi kujua kwamba kuna Kukhu duniani. Jifunze kufanya jambo sawasawa, silikatai hilo. Mimi mwenyewe vidole vyangu vilijifunza kukimbia, ingawa ilinichukua miaka. Lakini anayekupenda akikuomba kidogo ulicho nacho, usimpe maelezo. Mpe hicho kidogo leo, kwa mwendo anaoweza kuufuata yeye. Wazee wa zamani walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nakuambia kwenu ni pale wanapokungoja hata ukiwa na makosa yako. Ukijua zaidi kesho, utaongeza kesho. Wala usione haya kwa ulichojifunza kwa chombo kibovu, maadamu ulijifunza kwa kupenda. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, ikiwa na ujuzi na kabla haijaupata. Akujalie watu wa kukuomba wimbo, na akujalie kuwafikia wangali wanasikia.