Chai ya Mafiga

Kiharusi kilinikuta Maneromango, kwangu, napepeta mchele. Mkono wa kushoto ulirudi nusu, lakini kichwani ndiko kulikoharibika zaidi: vitu navijua, mpangilio wake sinao. Natia sukari kwenye sufuria tupu, halafu nakaa nasubiri chai. Mwanangu akanichukua kwake Kibaha. Nikalia nirudishwe. Akasema, "Mama, siku utakayopika chai peke yako, mwanzo mpaka mwisho, nakurudisha kwako."

Chai! Mimi niliyepikia watu misibani na harusini!

Alikuwa anakuja binti wa mazoezi kutoka hospitali, umri wa mjukuu wangu. Ananiamkia vizuri, kisha ananitesa. Haoneshi kitu, kazi yake kuuliza. "Bibi, lengo letu nini? Mpango wako? Haya, fanya. Sasa tukague, wapi tumekwama?" Nikisahau maji, ananiacha niikodolee macho sufuria mpaka nione mwenyewe. Kuna siku nilimchukia, nikalia kwa hasira. Lakini maneno yalishika: fungua mtungi wa gesi, washa jiko, maji, tangawizi, majani, sukari, zima, funga mtungi. Nilikuwa nayasema kwa sauti hata nikiwa chooni.

Ilichukua miezi, nikapika. Mwanangu akanywa vikombe viwili huku anafuta machozi. Jumamosi yake tukaenda Maneromango.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa keshafagia uwanja. "Karibu kwako, wifi! Leo tunakunywa chai yako, tumeikosa mno."

Nikaingia jikoni kwa maringo. Mafiga yangu matatu palepale, kuni pembeni, kiberiti juu ya kopo la chumvi. Nikasema kwa sauti: lengo, chai. Mpango, fungua mtungi.

Mtungi uko wapi? Nikapapasa ukutani. Nikainama nyuma ya mafiga. Nikaanza upya: fungua mtungi. Kuni naziona, nimeziokota tangu utotoni, ila nizifanye nini, sijui. Nikajiuliza kama yule binti, wapi nimekwama? Nimekwama jikoni kwangu.

"Wifi, moto umegoma?" akaita kutoka nje.

"Unakuja!" Uongo mtupu. Yarabi, sijawahi kuona aibu kama ile.

Mwanangu akatokea mlangoni, akanitazama, hakuuliza. Akachutama, akapanga kuni, akawasha. Moshi ukajaa, nami nikapata pa kusingizia machozi.

Tukanywa. Wifi akasifu, eti mkono wangu haujapotea. Mwanangu akatazama chini, nami nikainamia kikombe changu.

Jioni mwanangu akafunga mlango wa nyumba. Ufunguo ule, miaka yote, naufunga kwenye pindo la kanga yangu. Nikalishika pindo, nikanyoosha mkono.

"Twende, mama," akasema, akautia kwenye mkoba wake.