Fundi Springi na Chombo Kilichorudi

Ukiwa na kochi lililobonyea katikati, mtu wa kumwendea ni Springi. Jina hilo alipewa na wateja, maana akitaka kuinuka kitini huruka kwanza, halafu ndipo anasimama. Ana miaka hamsini na mitatu. Misumari huibana kwenye midomo kwa upande mmoja na kuzungumza kwa upande wa pili, na hajawahi kupoteza msumari wala neno. Mimi siku hizi kazi yangu ni kutembea, na nikichoka huingia karakanani kwake nikakaa kwenye kochi lolote ambalo halijavuliwa kitambaa.

Nilikuwepo siku binti yake alipomletea habari kwamba Chombo kinarudi. Nusura ile misumari aimeze.

Hapo inabidi nieleze. Chombo ulikuwa mchezo wa televisheni wa watu wanaozurura huko kwenye nyota, ndani ya chombo kimoja kikubwa chenye taa nyingi kuliko kazi za hizo taa. Jina lake la kigeni liliwashinda watu kulitamka, wakaliacha. Ulionyeshwa kila Alhamisi jioni, na televisheni ilikuwa moja tu, kwenye ukumbi wa kiwanda cha magunia ambako baba yake Springi alikuwa mlinzi. Watu walikaa juu ya marobota. Wa kwenye mchezo walisema kwa lugha yao, na maandishi ya kutafsiri hayakuwepo. Basi kaka yake Springi, aliyekuwa ameanza sekondari na ndiye pekee mwenye kamusi, alisimama pembeni ya televisheni akawaeleza watu kila kilichosemwa.

Kwa maelezo yake, yule mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya fedha alikuwa mama mkwe wa nahodha. Alipanda Chombo kwa siku mbili tu wakati nyumba yake inaezekwa, akanogewa, hakushuka tena. Wale watu wa kijani waliokuwa wakikifukuza Chombo kutoka nyota hii hadi ile walikuwa wanadai ngazi yao, ambayo nahodha aliiazima akasahau kuirudisha. Ukumbi mzima ulikuwa ukivunjika mbavu. Springi alikuwa na miaka sita, amekaa mbele kabisa, na kila neno aliliweka moyoni.

Mchezo ulikatika ghafla baada ya miaka mitatu bila mwisho. Springi hakuuacha. Kiti cha kwanza alichokitengeneza alipohitimu ufundi kilikuwa kiti cha nahodha: mgongo mrefu, vifungo vimezama safu kwa safu, mikono mipana ya kutosha kuweka sahani. Mpaka leo anaviuza. Mteja akiuliza huo mtindo umetoka wapi, Springi husema umetoka juu.

Basi Jumapili ya kurudi kwa Chombo, alasiri, binti akafunga televisheni ukutani mwa karakana, majirani wakajaa kwenye makochi ya wateja, nami nikapata moja la springi nzima. Kaka mtu, ambaye tunamwita Karani kwa vile alifanya kazi posta mpaka akastaafu, hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumwona mjukuu mpya. Muziki wa mwanzo ulipoanza, uleule wa zamani, Springi akageuza uso akajifanya anatafuta mkasi.

Halafu manung'uniko yakaanza. Kuta za Chombo kipya hazitikisiki mlango ukifungwa. Za zamani zilitikisika, na yeye alizipenda hivyohivyo. Nahodha mpya ni kijana mzuri, lakini kiti chake ni chembamba kama cha daktari wa meno. Akatuuliza huyo mtoto wa watu atakaa humo safari nzima halafu mgongo wake atauponya nani.

Hayo yalikuwa madogo. Safari hii mchezo ulitiwa sauti za Kiswahili, safi kabisa, na kabla hatujafika mbali mwanamke wa nywele za fedha akajitaja. Alisema yeye si binadamu. Yeye ndiye akili ya chombo, mashine iliyovikwa umbo la mtu, na hana ndugu popote. Majirani wakamgeukia Springi, aliyewasimulia habari za mama mkwe huyo miaka yote. Punde wakaonyeshwa watu wa kijani, na ikaelezwa kwamba miaka yote ile hawakuwa wakifukuza mtu. Walikuwa wanaomba amani.

Jirani mmoja, mshona viatu, akauliza taratibu, "Sasa ile ngazi?"

Watu walicheka mpaka kochi moja likalia. Springi naye alicheka kidogo kwa ajili ya heshima, akazima televisheni kabla ya majina ya waigizaji kwisha kupita.

Wiki ile hakuwa yeye. Alishona mto wa mteja nje ukawa ndani, akaufumua, akaushona vilevile tena. Aliniambia kinachomuuma si kuchekwa. Kinachomuuma ni kwamba amekipenda kitu miaka arobaini na saba, na sasa hajui kama kitu chenyewe kilikuwepo, wala hajui kaka yake alikuwa anamwonaje pale mbele, mtoto mdogo anayemeza kila anachopewa. Alikusudia kumuuliza Jumapili, mbele ya watu walewale. Mkewe akamwambia shemeji yake ni mtu mzima, asimwaibishe kwa sababu ya mambo ya nyota. Springi akajibu kwamba huyo mtu mzima ndiye aliyeyaanza.

Jumapili Karani akaja mapema, shati limepigwa pasi, mfuko wa machungwa mkononi. Sikio lake la kulia lilistaafu kabla yake, kwa hiyo alichagua kochi la ukutani ili la kushoto lielekee kwenye sauti. Majirani walikuwa wameshaingia. Mshona viatu alikuwa anatabasamu peke yake. Springi akasimama mbele ya televisheni, nyundo mkononi, sijui kwa nini.

"Kaka, yule mwanamke wa nywele za fedha ni nani?"

Karani akamtazama, akaangalia watu, akashusha machungwa chini.

"Sijui, mdogo wangu. Sijawahi kujua."

Karani akaeleza polepole, kama mtu anayehesabu vifurushi. Alhamisi ile ya kwanza alikuwa na maneno mia mbili ya ile lugha, na mengi yalihusu darasa: kalamu, dirisha, mwalimu ameingia. Wale wa kwenye mchezo hawakutaja dirisha hata mara moja. Baba yao alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kiwanda kizima kwamba mwanawe atawaeleza.

"Na wewe ulikuwa umekaa chini pale, umenitolea macho," akasema. "Ningekwambia sijui?"

"Ungeniambia baadaye. Nimekuwa na wajukuu, hujaniambia."

"Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu nikija nakukuta unatengeneza kile kiti." Akajifuta uso. "Nyinyi mlikuwa mnatazama Chombo. Mimi nilikuwa natazama midomo yao, natafuta cha kusema. Sikupata kuutazama mchezo hata siku moja. Leo nimekuja nijue walisema nini."

Hakuna aliyecheka, hata mshona viatu. Springi akaweka nyundo juu ya meza, akaongeza sauti, akaenda kukaa kwa kaka yake upande wa sikio lililo hai. Chombo kikaanza. Kila sauti iliposhuka Springi aliinama akamrudishia neno kwa neno: kwamba yule ni mashine, kwamba hakumbuki chochote, kwamba wa kijani wamechoka kuomba. Karani alisikiliza kwa makini kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Ulipokwisha akatikisa kichwa.

"Hawa watu wana vyombo vizuri," akasema, "lakini kutunga hawajui."

Springi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaruka kitini bila kukusudia, na majirani nao wakafuata, na mkewe akaja na kisu cha machungwa akitaka kujua kumetokea nini.

Tangu siku hiyo Karani haikosi Jumapili. Springi bado ananung'unikia kile kiti chembamba, na bado hugeuza uso muziki ukianza. Mimi hukaa nyuma yao, na masikio yangu ni mazima. Jumapili iliyopita televisheni ilisema Chombo kimepigwa ubavuni na injini mbili zimekufa. Springi akainama kwenye sikio la kaka yake, uso mkavu kabisa, akamwambia wa kijani wameleta posa, ila wamekosea mlango.

Karani akafikiri kidogo. "Wamemtaka nani?" akauliza.

"Tulia," Springi akasema, "ndiyo kwanza wanajitambulisha."