Sentensi Mbili Zilizofutwa

Wifi yangu Torgunn analipwa kuwafafanulia watu takwimu za nishati, na kazi hiyo anaiweza. Siku moja, tukila vikate vya waffle jikoni, alimweleza mama mkwe tofauti ya uwezo wa mtambo na umeme unaotoka. "Mama, birika lako linachukua vikombe kumi. Kwani kila siku tunakunywa kumi?"

"Kumbe ndiyo hivyo! Mbona hawasemi?"

Basi bonde letu lilipoombwa litoe mlima wa malisho kwa mitambo ya upepo, na shirika analofanyia kazi wifi likapewa kazi ya kuandika kijitabu cha wanakijiji, sikuwa na wasiwasi. Torgunn aliandika sentensi mbili: uwezo ni kile mitambo inachoweza kutoa upepo ukivuma vizuri, umeme tutakaoupata kwa mwaka mzima ni kama theluthi ya hapo. Mkuu wake, Halvard, akazifuta. "Hawa ni watu wazima, Torgunn. Usiwafanye watoto wa chekechea."

Mpuuzi mkubwa! Naye wifi akanyamaza, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ikabaki "uwezo wa megawati sitini", basi, na jina la Torgunn chini yake.

Kwenye ukumbi wa kijiji kila mtu alipiga hesabu zake kwa sitini. Kura ikapigwa kwa mikono. Mume wangu Eilert, ambaye kondoo wake walilishwa mlimani huko, alinyoosha mkono wake pia.

Mlima ukatolewa, mitambo ikajengwa. Januari ya kwanza baridi ikakaza, na kama kawaida yake ikaja bila upepo. Mapanga ya mitambo yakasimama kimya juu ya malisho yetu, huku kila nyumba imewasha hita kwa umeme wa kununua mbali. Torgunn alipokuja kutusalimu, sikumngoja hata avue koti.

"Wifi, mlituficha nini?"

"Niliandika. Halvard akafuta."

"Na mdomo wako akaufuta pia?"

Akaanza kulia. Mimi sikumhurumia hata kidogo. Eilert alikuwa mlangoni anavua buti, nikadhani atamtetea dada yake kama siku zote.

"Pale kwenye sitini nilisita," akasema. "Halafu nikaona jina lako. Nikajiambia, kama kungekuwa na la kueleza, dada yangu angelieleza. Ndipo nikanyoosha mkono."