Meno Mawili ya Mista Desmond

Mista Desmond alivunja meno yake kwa kashata ya Maulidi, na kashata yenyewe tuligawiwa badala ya mshahara. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani ni ulafi. Haji Shawkat, mwenye kituo chetu cha lugha hapa Mansoura, Misri, alipita darasa kwa darasa na maboksi ya kashata za dengu na ufuta, akampa kila mwalimu boksi lake pamoja na dua ndefu. Mshahara ulikuwa mwezi wa nne hatujauona. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Haya, huu ulikuwa umepakwa sukari, tukalamba.

Desmond akauma. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, aliyowekewa kwao Ayalandi kabla hajaja huku. Yakang'oka yote mawili. Akayatema kiganjani, akayatazama, akayatia mfuko wa shati na kuendelea na somo. Nilikuwa mlangoni, niliona kwa macho yangu.

Ndivyo alivyokuwa siku zile. Huyu ni mtu ambaye mwaka aliofika aligombana na muuza nyanya kwa Kiarabu chake cha kuchekesha mpaka watu wakaacha kununua wamsikilize. Alikuwa akiimba ngazini. Wanafunzi wakimwita Mwingereza aliwafukuza na chaki mkononi, maana kwao Mwairishi kuitwa Mwingereza ni tusi. Sasa walimwita Mwingereza naye akaitika. Mwezi wa kwanza bila mshahara alipiga kelele. Wa pili alikwenda ofisini kila asubuhi akapewa chai. Wa tatu akaniambia, "Sohair, nikienda kwa Haji najiona kama bwana anayeposa. Chai napewa, binti sionyeshwi." Wa nne akaacha kwenda.

"Unapigwa kalenda," nilimwambia, "na wewe umetulia tuli."

"Wewe unapigwa nini?" akauliza.

Mimi nafundisha hapo hapo, chumba cha pili, na Haji ananidai shukrani kwa kila kikombe cha chai.

Ingekuwa ni sura tu, Desmond asingejali. Lakini pengo lile lilimharibia matamshi: kila penye s ulitoka mluzi. Na watoto wa darasa la nne, wema kabisa, waliiga walichofundishwa. Ukipita dirishani ulisikia darasa zima linapiga mluzi kwa adabu. Mama mmoja akapiga simu kulalamika, Haji akamwita Desmond.

"Mista, sisi hapa hatuuzi vitabu. Tunauza kinywa chako."

"Basi nilipe nikitengeneze."

"Wazazi hawajalipa, wallahi."

Wazazi walikuwa wamelipa. Niliwaona kwenye foleni.

Hapo ndipo ikaja habari ya Kuwait. Shule moja ya huko ilikuwa imesoma barua yake ya kuomba kazi ikampenda, na sasa ilitaka kumwona na kumsikia Alhamisi kwenye kompyuta. "Kuwait wanalipa tarehe ishirini na tano," aliniambia, "ya mwezi huo huo." Alisema bila furaha yoyote, kama mtu anayesoma bei ya vitunguu. Lakini nani atamwajiri mwalimu wa Kiingereza anayepiga mluzi? Bila meno hapati Kuwait, na bila mshahara hapati meno. Dokta Nermin, jengo la pili ghorofa ya tatu, alikuwa tayari kumwekea mengine kwa siku mbili. Bei haikufika hata nusu ya mshahara wa mwezi mmoja, ila alitaka taslimu. Sisi walimu tulijipapasa mifuko tukaishia kutazamana, maana tulikuwa tunakopeshana hata nauli.

Jumatatu akanijia. "Nisindikize kwa Haji."

"Kiarabu chako kimekwenda wapi?"

"Nikitaja pesa, Haji hakielewi."

Hilo kweli. Nikaenda naye.

Haji alitupokea vizuri, kama kawaida yake. Akaagiza chai, akaniuliza hali ya mama yangu. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye mshahara. Akashika tama.

"Binti yangu, mimi silali. Nimehiji mara mbili. Lakini deni la mja, Mwenyezi Mungu halifuti mpaka mja mwenyewe asamehe."

"Dawa ya deni ni kulipa, Haji."

"Dawa haipo dukani," akasema kwa upole. Kisha akamgeukia Desmond, akamsemesha polepole kama mtoto mgonjwa. "Mista, unahitaji nini hasa? Usiniambie mshahara. Kitu. Umepungukiwa na kitu gani?"

"Meno," akasema Desmond.

"Mangapi?"

"Mawili."

Haji akavuta droo, akatoa noti, akazipanga mezani. Kumbe droo ilikuwa nazo siku zote. Damu ilinipanda kichwani nikashika kiti.

"Nenda kwa Dokta leo," akasema Haji. "Ila niambie kwanza, mbele ya Mwalimu Sohair, kwamba umenisamehe yaliyobaki. Kwa moyo safi."

"Usiseme," nikamwambia Desmond. "Ni miezi minne. Usithubutu."

Desmond alizitazama zile noti, kisha akanitazama mimi. Hakuonyesha huzuni wala haya. "Sohair, Alhamisi ni siku tatu tu," akasema. "Mimi nimechoka." Akamgeukia Haji. "Nimekushamehe."

Haji akainama mbele. "Sikusikia vizuri. Mbele ya Mungu lazima neno litimie."

Desmond akaweka kidole penye pengo ili kuzuia mluzi, akarudia polepole. "Nimekusamehe."

Haji akafuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Alhamisi alikaa mbele ya kompyuta na meno mapya, akazungumza nao nusu saa, na jioni ile ile wakamwandikia kwamba kazi ni yake. Wiki ya mwisho tulikaa mkahawani karibu na stesheni, yeye anakula mbegu za alizeti kama wengine, anazipasua kwa meno ya mbele na kutema maganda.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," akasema.

"Umemwonyesha Haji bei yetu. Sasa anajua tunauzwa kwa kiasi gani."

"Najua."

"Nakuchukia leo, Desmond. Jua hivyo."

"Sawa," akasema, akanisogezea sahani ya mbegu. Sikuchukua hata moja. Aliondoka Jumapili kwa treni ya asubuhi ya kwenda Cairo, na mimi sikwenda kumuaga.

Siku chache baadaye Haji akaniita. Nilijifunga kibwebwe. Miezi sasa ilikuwa mitano, na usiku kucha nilikuwa nimeipanga hotuba yangu: nitataja ofisi ya kazi, nitamtaja mwanasheria, shemeji wa dada yangu, na nitataja ile droo. Niliingia bila kuketi. Haji akanivutia kiti mwenyewe, akamimina chai, akatia vijiko vitatu vya sukari kama ninavyopenda. Nikaketi.

"Mwalimu Sohair," akasema, "nyumbani kwako kimepungua kitu gani?"

Nikafungua mdomo ili niianze hotuba. Niliitafuta ile hasira niliyotembea nayo tangu kashata, nikitegemea iko pale pale, nikaikosa. Sikuhisi kitu. Haji alinisubiri kwa subira yake yote, mkono umeshagusa droo.

"Mashine ya kufulia," nikasema.

"Ya kilo ngapi?"

"Saba."