Vitambaa vya Jirani

Katika shirika letu hapa Riruta hatuingii nyumba ya mtu bila kupiga simu kwanza. Ni sheria tuliyoiweka wenyewe, sisi wazee wa makanisa ya karibu, tulipoanza kugawa unga na maharagwe katika ukumbi wa mabati. Tulisema maskini naye ana mlango wake, na kwenye mlango wa mtu hupigwa hodi. Anayeomba msaada hutembelewa na watu wawili, huulizwa maswali, kisha kamati huamua. Tuna chakula cha mwezi kwa nyumba chache, mafunzo ya ushonaji kwa akina mama vijana, na jiko ambapo watoto wa mtaa hunywa uji kabla ya shule na kurudi mchana kula githeri ya mahindi na maharagwe. Nafasi za jikoni ndizo zinazoombwa kuliko vyote.

Ijumaa moja tulitumwa mimi na mwenzangu kwa shosho mmoja, bibi mzee wa mtaa wa Satellite. Mwenzangu ni mama aliyestaafu kazi serikalini, anaishi karibu na maduka ya Adams, na katika kamati yetu ndiye anayeogopwa. Hapendi kudanganywa. Mimi nilisomea Biblia nikiwa kijana na nimehubiri miaka mingi, na kamati hupenda kunipanga naye kwa sababu wanasema mimi ni mpole. Yeye husema upole wangu ndio unaomaliza unga.

Habari za shosho tulizipata kwa mwanamke wa mlango wa pili katika ploti yao ya vyumba vya kupanga. Binti ya shosho alikuwa amefariki na kumwachia watoto wawili, msichana wa miaka kama kumi na mvulana aliyeanza tu shule ya nasari. Shosho aliwalisha kwa kuuza mboga za sukuma kando ya Barabara ya Naivasha mpaka magoti yakamkatalia. Sasa mwanawe wa kiume, askari anayelinda jengo moja kule tao, katikati ya jiji, alikuwa amesema atakuja kesho yake, Jumamosi, awachukue. Mvulana angekaa naye. Msichana angepelekwa Nakuru kwa jamaa za mke wake, asaidie kazi za nyumba. Kwa hiyo ilitupasa kumwona shosho siku hiyohiyo, na kamati ikae jioni. Njiani niliomba kimoyomoyo watoto wale wasitenganishwe.

Tulipofika, shosho alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitambaa cha kichwa cha kwenda kanisani. Ndani mlikuwa safi kupita kiasi. Viti viwili vya sofa vilifunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, vimepigwa pasi mpaka ncha. Mezani kulikuwa na thermos kubwa yenye maua, vikombe vinavyofanana, na mkate uliopakwa siagi. Watoto walikuwa wamekaa kitandani wamepakwa mafuta, hawasemi neno. Macho ya mvulana yalikuwa kwenye mkate.

"Karibuni, karibuni. Mzee, tuombee chai," shosho akasema.

Niliomba. Nilipofumbua macho nikaona mwenzangu anavitazama vitambaa.

"Shosho, shida yako hasa ni nini?" akamuuliza.

"Sina shida, mama. Tuko sawa. Mungu ni mwema."

"Kila wakati," nikajibu, kama tunavyojibizana kanisani. Mwenzangu akanigeukia na kunitazama vizuri.

"Jana usiku mlikula nini?"

"Chapati."

"Na nini?"

"Na nyama."

Mvulana akageuka kumwangalia nyanya yake. Msichana akaushika mkono wake akaufinya, na mtoto akarudisha macho kwenye mkate. Nilitamani mwenzangu aache kuuliza, na nilitamani pia shosho aseme neno moja tu la taabu, hata dogo, tupate pa kushika. Hakulisema. Akatumiminia chai nzito yenye maziwa. Yeye mwenyewe hakujimiminia.

"Shosho, kuna nyumba hapa Riruta ambazo hazijaona maziwa mwezi mzima," mwenzangu akasema, akiweka kikombe chini. "Nyumba kama hizo ndizo tunazotafuta."

"Muwasaidie hao," shosho akasema kwa sauti nyembamba. "Mimi mniachie tu watoto wangu."

Sikumwelewa. Kabla sijamuuliza, mwanamke wa mlango wa pili akaingiza kichwa.

"Shosh, pole kuwasumbua. Mzee wangu amekuja mapema na anataka chai, na hiyo thermos ndio tuko nayo." Akatuona tumenyamaza, akafikiri ni kwa sababu ya haraka yake. "Vikombe mmalize tu polepole. Na hizo vitambaa usijali, nitachukua kesho."

Akaichukua thermos, akaikumbatia kifuani na kutoka. Nilimsikia mwenzangu akivuta pumzi. Akashika ncha ya kitambaa kilichokuwa chini ya mkono wake, akakiinua kidogo. Sponji ya kiti ilikuwa imeliwa, umebaki ubao.

"Shosho," akasema, "umeazima nyumba nzima utudanganye?"

"Mlisema mnakuja kuangalia watoto wanakaaje."

"Tuone kama mnahitaji msaada."

"Kijana yangu anasema siwezi kuwalea. Watu wa ofisi wakija wapate hakuna kitu, si wataandika siwezi? Si watampatia yeye?" Alikuwa anatutazama kama watu waliokuja na gari la kubebea watoto. "Nikawaonyesha naweza."

Kumbe simu yetu ya heshima ndiyo iliyompa nafasi ya kuzunguka ploti nzima akiazima. Niliwaambia watoto waule mkate. Walikula bila kuangusha hata chembe.

Barabarani mwenzangu alitembea mbele yangu.

"Amesema nyama," akasema. "Nimemuuliza wazi, akaniangalia machoni akasema nyama."

"Alikuwa anaogopa."

"Wote wanaogopa, mzee. Wewe ukiwa na huruma, mimi nibaki na nini?"

Kamati ilikaa jioni ile ukumbini, na mwenzangu akaeleza kila kitu, chapati, nyama, thermos, ubao. Hakupunguza na hakuongeza. Tuna kanuni kwamba anayetoa habari za uongo husubiri mpaka atembelewe tena mwezi unaofuata, na mwenyekiti wetu, mtu wa haki, akaikumbusha. Nikasema watoto hawakudanganya mtu. Tukavutana. Mwishowe waliwakubali watoto jikoni kuanzia Jumatatu, lakini chakula cha mwezi cha shosho kikaahirishwa. Nilimshukuru Mungu kwa nusu ile.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda Satellite kumpasha shosho habari. Nikamkuta mwenzangu amenitangulia getini, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Nimekuja kuona kama jirani amechukua vitambaa," akasema.

Jirani alikuwa amevichukua. Mwana wa shosho naye alikuwa amefika, angali na suruali ya kazi, macho mekundu kwa kukesha lindoni. Alikuwa amesimama katikati ya chumba ameshika mfuko mkubwa wa mistari wa kubebea nguo. Nguo za msichana zilikuwa zimekunjwa kitandani. Msichana alikuwa ameketi juu ya gauni moja na hataki kuinuka. Shosho alikuwa ukutani, amemshika mvulana mbele yake kwa mikono miwili.

Nilijitambulisha na kumweleza habari za jiko, uji wa asubuhi na chakula cha mchana.

"Asante, mzee," akasema. Alikuwa na adabu. "Lakini hamjaelewa shida iko wapi. Hawa wanakula. Yeye ndiye hali. Kila kitu anawapatia, halafu ananiambia ameshiba. Juzi jirani amenipigia simu ati mama ameanguka akichota maji hapo kwa mfereji. Mimi niko kazini tao, nitafanya nini? Nizike dada, nizike na mama?"

"Nilikuwa tu na kizunguzungu," shosho akasema.

"Ni njaa, mama."

Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu jioni. "Sawa, hawa watakula huko kwenu. Na yeye?"

Nilijua kamati ilivyosema, na sikuweza kumwahidi chakula ambacho kilikuwa kimeahirishwa. Mwana akaanza kuufungua mfuko.

"Anayeleta mtoto hunywa uji naye," mwenzangu akasema kutoka mlangoni. "Na mchana anakula naye. Ndivyo tunavyofanya."

Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo hata siku moja. Nilimtazama. Hakunitazama.

"Kila siku?" mwana akauliza.

"Siku za shule. Asipokula mbele yangu, mtoto harudi darasani. Mimi si mpole kama huyu mzee."

"Na Jumamosi? Na Jumapili?"

"Hizo mbili ni zako. Wewe si kijana yake?"

Alisimama na mfuko umefunguka mikononi. Alimtazama mama yake, akautazama ule ubao wa kiti, akamtazama mpwa wake aliyekalia gauni. Nje mtu alikuwa anafungulia maji kwenye ndoo, na sote tulisikia ndoo ile ikijaa.

"Mama, utakula?"

"Nitakula."

"Usiniambie hivyo kama unavyoniambiaga."

"Nitakula, baba. Huyu mama ananiogopesha."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, kisha akasema atangoja mpaka shule zifungwe, aone. Aliukunja mfuko, akaukunja tena ukawa mdogo, akauweka kwapani. Msichana hakuinuka mpaka alipohakikisha mjomba wake ametoka nje kwenda dukani kununua unga. Ndipo akazichukua nguo zake moja moja na kuzirudisha kwenye kamba iliyokuwa nyuma ya pazia.

Mwenzangu alinishika mkono tulipokuwa tunatoka. "Jumatatu nitaiambia kamati nilichoahidi," akasema. "Wewe unyamaze tu."

Nilinyamaza, na nilipofika nyumbani nilipiga magoti.