Mguu Umepona, Binti Yangu Hajui

Assalaam alaykum. Niwieni radhi kwa kimya changu. Kabla sijapasuliwa mguu niliomba dua zenu kupitia ukurasa huu, mkaniombea kwa wingi, na baadaye wengine mkauliza ninaendeleaje. Sikujibu. Leo mtafahamu kwa nini. Naomba jina langu lisitajwe, na majina nitakayoyataja nimeyabadilisha.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu, mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja. Ninaishi ghorofa ya pili na binti yangu wa mwisho, Rukia, aliyebaki nami tangu mama yake alipofariki.

Kifundo cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimelegea kwa miaka mingi. Nikikanyaga vibaya kidogo tu kilikuwa kinapinda na kuvimba, nachuliwa kwa mafuta ya nazi, narudi kutembea. Mwaka jana kilipinda nikishuka ngazi za nyumbani, na safari hiyo maumivu hayakuondoka. Nilikwenda Dar es Salaam, daktari wa mifupa akanionyesha picha.

"Mzee, kano zinazoshika kifundo zimelegea kama mpira wa suruali kuukuu," aliniambia. "Na gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa kusagana, limechanika."

Alinitoboa tundu mbili ndogo, akaingiza kamera nyembamba, akalisafisha gegedu na kuzikaza kano. Nilirejea Unguja na plasta na magongo mawili.

Wakati huo posa ya Rukia ilikuwa imeshakubaliwa. Mchumba wake, Hamadi, anasomesha Pemba, na wakioana ndiko watakakoishi. Harusi iliakhirishwa kwa kauli yangu mwenyewe. Wazee wa Hamadi walipendekeza niozeshe nikiwa nimekaa kwenye kiti, au nimpe kaka yangu uwakala. Nilikataa. Niliwaambia kwamba binti yangu nitamwozesha mwenyewe, nimekaa mkekani, nimemshika mume wake mkono, kwa hiyo wasubiri mpaka mguu ukunjike. Hakuna aliyenibishia, maana hiyo ni haki ya baba.

Ninaloona haya kuliandika ni hili: mguu unakunjika. Ulianza kukunjika zamani. Anayenifanyisha mazoezi aliniambia niyaweke magongo kando, nami nikarudi nyumbani nikiyaegemea. Siku ya kwanza nilijiambia kuwa ni tahadhari. Asubuhi yake Rukia aliniletea uji kitandani, akakaa nami kunisimulia habari za mtaani, nikatambua kwamba nikisimama, ataondoka. Tangu hapo ninachechemea kila anaponitazama.

Uongo huu umeingia hata katika ibada. Rukia huniwekea kiti nisali. Hunimiminia maji ya udhu na kuniosha mguu kwa mkono wake, taratibu, akiogopa kuniumiza. Mbele yake ninasali nimekaa, hali ya kuwa nina uwezo wa kusimama. Akitoka ninafunga mlango na kuirudia sala kwa kusimama, na nikiwa katika sijda sijui nimwambie nini Mola wangu.

Aliyenifuma ni mdogo wangu wa kike, Bi Saumu. Alipanda bila ya kubisha hodi, akanikuta nimekunja miguu juu ya busati ninamenya chungwa.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Na huo mguu nao shikamoo, maana naona umeshakuwa mtu mzima."

Nilimwambia kwamba ndiyo kwanza ninaujaribu.

"Kamdanganye mwengine, si mie. Juzi nshakuona unashuka ngazi mbiombio kumfukuza paka." Akaketi. "Unataka mtoto azeeke humu ndani anakukanda mguu mzima?"

"Pemba mbali, Saumu."

"Mbali kitu gani? Asubuhi unapanda boti, mchana unakula kwa mwanao. Mbali ni huko unakompeleka wewe."

Niliendelea kumenya chungwa langu. Alipoinuka aliniambia hatamwambia Rukia kitu. "Ila kama huna uso wa kusema, basi pona kidogo kidogo. Leo gongo moja, kesho mkongojo. Nani atajua?"

Ningeufuata ushauri huo, lau si niliyoyasikia juzi. Rukia alikuwa jikoni akizungumza na Hamadi kwa simu, nami nikiwa ukumbini.

"Nnajua kwenu washachoka," alimwambia. "Wakija Ijumaa ntawaambia mwenyewe kuwa posa basi. Sikulaumu, Hamadi, na wewe usinilaumu. Siwezi kumwacha baba na mguu ule."

Kisha akaja kuniuliza kama nimekunywa dawa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilipomuuliza ana nini, alicheka.

"Vitunguu tu, baba."

Nilikuwa na uwezo wa kusimama pale pale. Badala yake nilipokea maji kutoka mkononi mwake, nikameza kidonge cha maumivu nisiyokuwa nayo.

Wazee wa Hamadi wanakuja Ijumaa hii, na muda wa kupona kidogo kidogo haupo tena. Naweza kuamka siku hiyo nikasema nimepata nafuu, harusi ikapangwa, na siri ikabaki kwangu na kwa dada yangu. Lakini hapo nitamshika kijana wa watu mkono na kumwozesha binti yangu nikiwa ningali ninawadanganya wote wawili. Nikisema kweli, Rukia atajua kwamba mtu ambaye yeye alikuwa akimwosha mguu alikuwa akimwibia maisha yake. Tangu utotoni nilimkanya asiseme uongo hata wa mzaha.

Nyinyi mlioniombea shifaa, nielekezeni njia. Nawauliza zaidi nyinyi mabinti mliowahi kuuguza wazazi wenu: angekuwa baba yako, ungependa akwambie, au ungependa akuache uondoke ukimpenda kama unavyompenda sasa? Nitayasoma maoni yote, hata ya kunilaumu. Nikishakata shauri nitawaandikia kabla wageni hawajafika, na mkiona Ijumaa imepita sijaandika, jueni kwamba nimeshindwa kusema.